Mguu unauma, ugonjwa uko tumboni

Mtoto wa miaka 3 anaanza kuchechemea. Hakuna aliyemwona akianguka, lakini nyumba nzima ina jibu: kateguka. Anachuliwa kwa mafuta ya nazi, anafungwa kitambaa, wiki inapita. Homa ikija anapimwa malaria, na hata kipimo kikionyesha hana, anapewa dawa mseto. Homa inatulia siku 2, inarudi. Wiki ya tano au ya sita bibi yake anamwogesha, anagusa tumbo, anakuta upande mmoja mgumu; na chini ya macho kuna weusi kama wa mtu aliyepigwa ngumi. Mlolongo huu unaweza kuanzia Makorora, Pongwe au Korogwe, huku kwetu mkoani Tanga, na ukapita hatua zilezile. Kosa liko mwanzoni kabisa: kila mtu aliangalia mguu.

Saratani inayokutwa kwenye mfupa wa mtoto mdogo mara nyingi haikuanzia mfupani. Kwa walio chini ya miaka 5, mshukiwa wa kwanza ni nyuroblastoma, uvimbe unaotokana na seli changa za neva, hasa kwenye tezi iliyokaa juu ya figo au pembeni mwa uti wa mgongo. Siku unapogunduliwa, zaidi ya nusu ya watoto hao ugonjwa umeshasambaa, na unakopenda kwenda ni kwenye uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa, na kwenye mifupa yenyewe. Ule weusi chini ya macho si pigo. Ni damu inayovuja pale seli zilipotua kwenye mifupa inayozunguka jicho. Nataja hili kwa makusudi, maana mama anaweza kutazamwa vibaya kliniki kana kwamba ndiye aliyempiga mwanawe.

Saratani ya damu nayo huuma mifupani, ila hiyo hatusemi imesambaa. Nyumbani kwake ni ndani ya mfupa tangu mwanzo. Rabdomiosakoma, ambayo ni saratani ya misuli, hufika mifupani. Uvimbe wa figo wa kawaida kwa watoto, ule wa Wilms, hukimbilia zaidi mapafu na ini, lakini kuna ndugu yake adimu wa hukohuko kwenye figo anayependa mifupa, na kwa altrasaundi peke yake huwezi kuwatofautisha. Saratani ya jicho, inayoanza kwa mng'ao mweupe kwenye mboni, ikiachwa nayo hufika kwenye uloto. Kuanzia miaka 10 hivi mambo hubadilika: hapo ndipo saratani zinazoanzia mfupani zenyewe, osteosakoma (mara nyingi karibu na goti) na sakoma ya Ewing, zinapopata nafasi. Hizo nazo husafiri, mapafuni kwanza, kisha kwenye mifupa mingine.

Kwa nini mifupa? Mwaka 1889 mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alisema saratani ni kama mbegu: hubebwa kila upande, lakini huota penye udongo unaoikubali. Mfupa wa mtoto ni udongo wa namna hiyo. Kwa mtu mzima uloto mwekundu, ule unaotengeneza damu, umebaki kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari na fuvu. Kwa mtoto mdogo uko hata kwenye mapaja, miundi na mikono, na damu hupita polepole karibu na maungio ambako mfupa unarefuka. Seli ikitua hapo, haimung'unyi mfupa yenyewe. Hutuma ishara kwa seli za mwili zilizoajiriwa kumeng'enya mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, nazo hufanya kazi kupita kiasi. Mfupa ukimeng'enywa hutoa vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimefungiwa ndani, na vichocheo hivyo huilisha saratani. Ikishiba, inaagiza tena. Ndiyo maana maumivu hayatulii kwa kupumzika, na usiku huzidi.

Kuna jambo linalowaponza wengi: picha ya eksirei. Mpaka mfupa uonekane umeliwa kwenye eksirei ya kawaida, unapaswa kuwa umepoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake. Kwa hiyo "picha iko safi" haina maana kwamba mfupa uko salama. Mtoto anayechechemea wiki 2 mfululizo na picha iko safi bado ana swali ambalo halijajibiwa.

Mhudumu wa afya, swali hilo huanza kujibiwa kwa kumvua mtoto nguo zote. Mlaze mapajani kwa mama yake, magoti yamekunjwa, mikono yako iwe ya joto, gusa tumbo kwa upole kwa tumbo la vidole. Ukikuta uvimbe, acha hapo hapo, andika, na usiwaite wenzako kumi waje kujifunza. Uvimbe wa figo unaweza kupasuka kwa kubinywabinywa. Tazama macho yote mawili kwa pamoja, kama moja limetokeza au kope limeanguka. Pitisha vidole kwenye fuvu kutafuta vinundu. Angalia tezi za shingo, weupe wa viganja, michubuko mahali ambapo mtoto hagongi, kama mgongoni na tumboni. Mwambie aokote kitu sakafuni: mwenye maumivu ya uti wa mgongo hatainama, atachuchumaa mgongo umenyooka. Yote haya ni dakika 10, na hayahitaji umeme.

Halafu damu. Picha kamili ya damu hutupa wingi wa damu, chembe nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), lakini mashine haitoshi. Omba tone la damu lipakwe kwenye kioo na mtu alitazame kwa darubini. Chembe za aina 2 zikiwa chini kwa pamoja, mfano damu na chembe sahani, huenda kuna kitu kimejaa kwenye uloto mpaka kiwanda kimekosa nafasi. Malaria nayo hushusha damu na chembe sahani, kweli. Ila malaria haimfanyi mtoto akatae kukanyagia mguu mmoja kwa mwezi.

Ukanda wetu wa pwani una sikoseli nyingi, na hapo ndipo penye mtego mgumu zaidi. Maumivu ya sikoseli huja kwa vipindi na mtoto huwa na historia. Yakikaa palepale wiki nzima bila kupoa, fikiria usaha wa mfupa au hili tunaloliongelea. Usaha wa mfupa huja kwa kasi, sehemu moja, pana joto na pamevimba. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huenda polepole na kinaweza kuacha kinundu katikati ya mgongo. Maumivu ya kawaida ya watoto wanaokua huuma miguu yote miwili, jioni au usiku, na asubuhi mtoto anacheza mpira kama kawaida. Mtoto anayechechemea asubuhi hana maumivu ya ukuaji. Sentensi hiyo ningependa ibandikwe ukutani katika kila zahanati.

Sasa mambo ya kutofanya kabla jibu halijapatikana. La kwanza ni deksa (deksamethasoni) na prednisoloni, dawa za jamii ya steroidi. Dawa hizi huyeyusha seli za saratani ya damu kwa siku chache. Mtoto anachangamka, familia inashukuru, na kipimo cha uloto kikichukuliwa hapo kinaweza kutoka bila jibu. Ugonjwa hurudi baada ya wiki kadhaa, na unaweza kurudi sugu. La pili ni sindano ya diklofenaki ya takoni. Kama chembe sahani ziko chini, sindano ya msuli huacha donge la damu, na dawa yenyewe huzuia chembe zilizobaki zisifanye kazi. Chale ni hivyohivyo: ngozi imefunguliwa, damu haigandi, kinga hakuna. La tatu ni kuchua. Mfupa ulioliwa huvunjika kwa nguvu ndogo mno, na mwunga mifupa mwenye mikono mizuri kabisa hawezi kujua anachokishika. Kumpaka mafuta ya nazi juu juu hakuna ubaya. Kubinya ndiko kwenye ubaya.

Rufaa ya kwanza kwa wa Tanga mjini ni hospitali ya Bombo. Kutoka hapo njia inagawanyika palepale mabasi yanapogawanyika, Segera: wa kulia huenda hospitali ya KCMC Moshi, wa kushoto Muhimbili, Dar, na kote ni kilomita zipatazo 350. Muhimbili ina wodi ya saratani za watoto, na shirika la Tumaini la Maisha hufanya kazi humo kusaidia matibabu na malazi ya familia. Mionzi hutolewa taasisi ya saratani ya Ocean Road, hukohuko Dar. Beba barua ya rufaa, majibu yote ya maabara hata yale ya malaria, picha zenyewe za eksirei (si maelezo peke yake), cheti cha kuzaliwa, na orodha ya kila dawa aliyopewa pamoja na ya duka la mtaani. Muone ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuondoka, msisubiri mkwame huko. Na jipangeni kwa miezi. Watu wa Tanga tunasifiwa kwa waja leo waondoka leo. Safari hii haiko hivyo, na mzazi aliyeaga kazini kwa wiki 1 ndiye anayerudi katikati ya tiba.

Huko atachukuliwa uloto. Mtoto analala ubavu, anapewa usingizi au ganzi, sindano nene inaingia kwenye mfupa wa nyonga nyuma, juu kidogo ya tako. Kwa nyuroblastoma huchukuliwa pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu ugonjwa hukaa kwa mabaka na upande mmoja unaweza kudanganya. Wakati mwingine sindano haivuti kitu. Si kwamba daktari hajui kazi. Uloto uliojaa saratani huwa umeshikamana, na hapo hukatwa kipande chembamba cha mfupa. Akipewa usingizi asile kwa saa 6, asinyonye kwa saa 4, maji matupu yanakoma saa 2 kabla. Kikombe cha uji alichopewa kwa huruma alfajiri huahirisha kipimo mpaka siku nyingine ya foleni.

Kipande cha uvimbe kikikatwa kinatumbukizwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama, chupa yenye mdomo mpana, jina na tarehe kwenye mwili wa chupa na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Nyama iliyolala usiku kucha kwenye maji ya dripu huoza seli, na hakuna mtaalamu atakayeisoma. Kipande cha mfupa hulazimika kulainishwa kwa dawa siku kadhaa kabla ya kukatwa, kwa hiyo majibu yake huchelewa kuliko ya tezi. Ukiona kimya, uliza kimefika hatua gani, usidhani wamekusahau.

Kipimo cha skani ya mifupa humpa mtoto sindano yenye kiasi kidogo cha teknetiamu, dawa yenye mionzi, kisha husubiri saa 2 mpaka 4, anakunywa maji mengi, anakojoa, ndipo anapigwa picha. Ugumu wake kwa watoto ni kwamba sehemu za mfupa zinazokua hung'aa zenyewe, magotini na mabegani, hata kwa mzima. Msomaji mzuri hulinganisha kushoto na kulia. Ugonjwa ukiwa sawasawa pande zote mbili unaweza kumpita.

Dharura iko moja ambayo haingoji barua: mtoto mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu imeanza kulegea, anaanguka ovyo, au mkojo na haja vimegoma au vinatoka bila taarifa. Uvimbe unabana uti wa mgongo. Hapa zinahesabiwa saa. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyepooza siku kadhaa mara nyingi harudi. Katika hali hii deksa niliyoikataza hapo juu huwa ndiyo dawa ya kwanza, ila ya mkono wa daktari, hospitali, baada ya damu kuchukuliwa.

Maumivu yatibiwe tangu siku ya kwanza, kabla hata jina la ugonjwa halijajulikana. Mtoto mdogo hasemi unauma wapi. Huacha kucheza, hukataa kubadilishwa nepi, hushika mguu mmoja usisogezwe, na huwa kimya. Kimya hiki husifiwa kuwa ni utulivu, kumbe kila akisogea anaumia.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipanga dawa za maumivu kwa watoto katika ngazi 2. Ya chini ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 kwa miligramu 15 anapata 180; kama chupa yenu ina miligramu 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Ibuprofeni huongezwa kama chembe sahani zimepimwa na ziko sawa, figo ni nzima na mtoto anakunywa maji. Hayo yakishindwa unaruka moja kwa moja mpaka morfini. Kodeini imeondolewa kwa watoto kwa sababu miili huibadilisha kwa viwango tofauti: mmoja haimsaidii kitu, mwingine inamzidi. Tramadoli ya dukani isiingie kabisa bila daktari.

Morfini ya maji hunywewa kila saa 4, kwa saa na si kwa kilio: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na usiku vilevile. Kiwango anaandika daktari kwa uzito, pamoja na dozi ya akiba ya maumivu yanayochomoza katikati. Hatari kubwa ni kuchanganya miligramu na mililita, kwa kuwa chupa hutofautiana nguvu. Ukipewa chupa mpya, soma namba upya hata kama rangi ni ileile. Siku 2 au 3 za kwanza atalala sana, kwa kiasi fulani ni deni la usingizi. Anayeamka ukimwita hana shida. Asiyeamka, anayepumua polepole mno na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, dozi inayofuata haitolewi, anakimbizwa hospitali. Usingizi hupungua, choo kigumu hakipungui, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Papai na maji ni nyongeza tu. Na isikatwe ghafla. Wapo wanaoamini ikishatajwa morfini mtoto amehukumiwa. Watoto wengi huitumia wiki chache, tiba ya saratani ikishika mifupa hutulia, nayo hupunguzwa taratibu mpaka inaachwa.

Mionzi pia ni dawa ya maumivu. Dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) kwenye mfupa mmoja hutuliza sawa na dozi nyingi ndogo, ingawa siku za mwanzo maumivu yanaweza kupanda na nafuu huja ndani ya wiki 1 hadi 3.

Je, anapona? Inategemea ni nani amekaa mfupani. Saratani ya damu yenye maumivu ya mifupa hutibika vizuri mahali penye dawa kamili na ufuatiliaji. Nyuroblastoma kwa mtoto chini ya miezi 18 ina tabia tofauti kabisa na ya mkubwa. Ipo hata aina ya vichanga iliyofika kwenye ini, ngozi na kidogo kwenye uloto, ambayo hunywea yenyewe. Ikishaingia kwenye mfupa wenyewe, si uloto tu, haihesabiwi tena katika kundi hilo. Kwa mtoto aliyepita miezi 18 mwenye ugonjwa mifupani, tiba ni ndefu, nzito, na wengi hawaponi. Mzazi anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno hayo, akiwa amekaa kwenye kiti, si koridoni.

Nyumbani kazi ni kulinda mifupa. Usimwinue kwa kumvuta mkono au kumshika makwapani. Tandika kanga iliyokunjwa mara 2 chini yake, watu wawili washike pembe, wamwinue kama mzigo mmoja. Kumgeuza, mabega na nyonga viende pamoja. Kitanda cha kamba kilicholegea hubonyea katikati, heri godoro gumu juu ya mkeka sakafuni. Kuchuchumaa chooni kunaumiza nyonga, tafuteni poti au kiti kilichotobolewa. Bodaboda na karia ya baiskeli, hapana. Kwenye basi kaeni viti vya katikati, si nyuma juu ya matairi, na dozi ya morfini iende nusu saa kabla ya kupanda. Mfupa ukivunjika, usiunyooshe. Ufunge kama ulivyo kwa ubao uliozungushiwa nguo, ukipita kiungo cha juu na cha chini.

Akiwa kwenye dawa za saratani, joto la 38.5 mara moja, au 38 kwa saa nzima, ni safari ya hospitali usiku huohuo, maana antibaiotiki za mshipani zinatakiwa ndani ya saa 1 baada ya kufika. Pima kwapani. Usiingize kipimajoto wala dawa yoyote njia ya haja kubwa, na usitangulize parasetamoli kabla ya kupima.

Kwa wanaobaki mkoani, Muheza pale hospitali ya Teule pana huduma ya miaka mingi ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, na si ya wanaokufa peke yao. Mtoto anaweza kuwa kwenye tiba Dar na bado akasaidiwa maumivu karibu na kwao. Morfini haiuzwi duka la dawa la mtaani, hutolewa kwa cheti na kuhesabiwa. Kwa hiyo chupa ikibakiza dozi za siku 3, siku hiyo ndiyo ya kufuata nyingine, hasa kama kesho yake ni Ijumaa.